Kijana wangu kafaulu udereva vizuri tu lakini simu inamshinda, nifanyeje?

Mama_Wawili

Habari zenu wakuu. Naomba mawazo kwa walimu wa udereva na wazazi wenzangu, na vijana pia kama mpo humu msinyamaze.

Kijana wangu ana miaka 18, kamaliza shule ya udereva miezi mitatu iliyopita, mtihani wa alama alipata zote na ule wa barabarani alifaulu mara ya kwanza, mwalimu wake mwenyewe aliniambia huyu mtoto ana mkono mzuri. Na kweli ukikaa naye unaona, gia anabadilisha hata husikii, mkanda anafunga kabla hajawasha gari, hana papara. Kwaiyo nikamwamini nikawa nampa gari Jumamosi anampeleka mdogo wake mazoezini na kumrudisha.

Jumamosi iliyopita kagonga pikapu nyuma. Foleni ilikuwa inatambaa, mbele wakashika breki yeye hakuona. Wote wazima namshukuru Mungu, bampa imepasuka na taa moja imekufa, mwenye pikapu naye alikuwa muungwana. Aliyenieleza ilivyokuwa ni huyo mdogo wake wa miaka 11 alikuwa siti ya mbele, akasema "mama simu iliwaka, kaka akaangalia chini". Basi, hicho tu. Simu ilikuwa kwenye kale kashimo ka kuwekea vikombe hapo karibu na gia, hakuishika, hakujibu kitu, kaangalia chini tu.

Nimemuuliza ulikuwa unaangalia nini, anasema hakuna mama ni kosa langu. Nani alikutafuta? Hasemi. Nimeuliza mara tatu kainamisha kichwa na sio kawaida yake kunificha.

Funguo nimechukua. Lakini usiku silali vizuri najiuliza sasa nimnyime gari mpaka lini, mwaka? Na siku nitakayomrudishia si itakuwa yale yale? Nimrudishe shule ya udereva wamfundishe upya? Maana nimelipia masomo yote yale na sikumbuki hata siku moja wamegusia simu zaidi ya ule mstari wa kwenye kitabu kwamba ni kosa kutumia simu ukiendesha. Mwenye uzoefu anisaidie.

Mwalimu_Klachi

Pole sana dada, bampa itanunuliwa, ashukuriwe Mungu watoto wamerudi.

Nafundisha udereva mwaka wa 14 huu ngoja nikwambie ukweli hata kama unanigusa mimi mwenyewe. Shule inamfundisha mtoto kuliendesha gari. Kuondoka, kubadilisha gia, kurudi nyuma, kupaki, kusoma alama, na mtihani unapima hayohayo. Huyo wako alijifunza na akafaulu, kumrudisha utalipia vitu anavyovijua tayari. Ambacho hatumfundishi vya kutosha ni kuweka akili barabarani dakika 40 mfululizo wakati hakuna mwalimu pembeni na simu inawaka, hiyo inakuja kwa masaa mengi ya kuendesha na mtu mzima aliyekaa kando, na masaa hayo shuleni hayapo.

Cheki wenzetu. Sweden mwaka 1993 walishusha umri wa kuanza kujifunza kutoka miaka 17 na nusu hadi 16, leseni ikabaki palepale kwenye 18, lengo ni mtoto apate miaka miwili ya kuendesha akiwa na mzazi pembeni. Waliotumia nafasi hiyo walifikisha zaidi ya masaa 100 ya mazoezi kabla ya leseni na ajali zao za mwanzo zilipungua ukilinganisha na wa zamani. Australia jimbo la Victoria mwanafunzi wa chini ya miaka 21 lazima afikishe masaa 120 na yaandikwe kwenye daftari. Sasa dada jiulize wako alikuwa na masaa mangapi siku unampa funguo? Wanafunzi wangu wengi wanafanya mtihani wakiwa na ishirini na kitu na nusu yake tumezunguka uwanjani.

Mtoto akiwa lena, yaani bado anajifunza na mtu mzima pembeni, ni nadra sana kugonga, hatari inapanda ghafla miezi ile ya mwanzo akianza kutoka peke yake. Yaani hapohapo alipo wako. New Zealand waliliona hili mapema, tangu 1987 leseni yao inatolewa kwa ngazi. Ukitoka kuwa lena unapewa leseni yenye masharti, usiku kuanzia saa 4 mpaka saa 11 alfajiri huendeshi peke yako na abiria hubebi ovyo bila dereva mzoefu ndani ya gari, ukishaonyesha umetulia ndo unapata kamili.

Tuje kwenye hiyo "kaangalia chini tu" maana hapo ndo penye kazi. Foleni inatambaa tuseme kilomita 20 kwa saa. Gari linakwenda mita 5 na nusu kila sekunde. Akiangalia chini sekunde 2 limetembea mita 11 hakuna anayeliendesha, hayo ni magari mawili na zaidi yamepangwa, na kwenye foleni mtu wa mbele yako hayuko hata mita 11. Sasa mpeleke kilomita 80, sekunde 2 zilezile ni mita 44. Mi wanafunzi wangu nawashusha kwenye gari nawaambia tembea hatua 44 ndefu ukiwa umefumba macho nakushika mkono, wengi hatua ya kumi na tano wanaanza kusita wanafumbua. Hapo sina haja ya kuongea tena.

Ushauri wangu usimnyime gari, kaa naye. Mara mbili kwa wiki nenda naye na umfanyishe zoezi hili moja, aendeshe huku anasema kwa sauti anachokiona na anachotegemea kitatokea. "Kuna basi limesimama, mtu anaweza kutokea mbele yake. Yule wa pikipiki kageuza kichwa, atakatiza." Uingereza tangu 2002 hawakupi leseni mpaka ufaulu mtihani wa video wa kutambua hatari kabla haijafika, ni wazo hilohilo. Uzuri wake mtu anayesema anachokiona barabarani hawezi kuwa anawaza meseji, mdomo wenyewe utanyamaza utamjua.

Na simu isiwe kwenye hako kashimo. Siti ya nyuma ndani ya begi, imezimwa sauti, KABLA hajawasha gari. Simu anayoiona itamshinda hata awe na nidhamu gani.

Mwendo_Pole

Dada pole. Naheshimu alichosema mwalimu lakini hapo kwenye begi mi naona tunawabana sana hawa watoto. Simu siku hizi ndo ramani ndo kila kitu, na akipata dharura? Wangu nilimfungia spika za blutuuthi kwenye gari, simu ikiita anabonyeza kwenye usukani anaongea macho yako mbele mikono yote miwili kwenye usukani, mwaka mzima hana shida. Ukimkataza kabisa atakuwa anaitumia kwa kujificha chini ya usukani na hapo ndo hatari zaidi, si bora aongee wazi?

Nesi_wa_Zamu

Kaka Mwendo_Pole samahani mi hapo sikubaliani na wewe na nasema kwa upendo kabisa kwasababu una mtoto barabarani.

Macho kuwa mbele haimaanishi mtu anaona. Kuna mtafiti wa Chuo Kikuu cha Utah kule Marekani anaitwa David Strayer yeye na wenzake waliwaweka watu kwenye mashine za kuigiza gari, wengine wanaongea na simu wameishika mkononi wengine wanaongea nayo bila kushika kitu, tofauti haikuonekana, wote walichelewa kushika breki. Wakawapima walikuwa wanaangalia wapi, macho yalipita kabisa kwenye vitu vya kando ya barabara, wakiulizwa baadae hawakumbuki kuviona. Mwaka 2006 wakatoa utafiti wakiwalinganisha na watu waliokunywa pombe mpaka kiwango kinachokatazwa na sheria ya huko, wa simu walipata ajali nyingi zaidi kwenye ile mashine. Na ukibonyeza usukani ukamaliza kuongea usidhani akili imerudi hapohapo, mwaka 2015 walipima mifumo ya kuamrisha gari kwa sauti wakakuta kwa baadhi ya mifumo umakini unachukua hadi sekunde 27 kurudi kamili. Sekunde 27 mtu kashakata simu anajiona yuko huru.

Utauliza na abiria je si naye anaongea? Mtu mzima aliyekaa pembeni anaiona barabara, mkifika kwenye makutano ananyamaza mwenyewe, wa kwenye simu haoni kitu anaendelea kukuuliza. (Marafiki wa rika lake ndani ya gari ni habari nyingine, hao wanaongeza hatari tena kadri wanavyozidi kuwa wengi, dada hilo nalo liweke kwenye masharti yako.)

Ramani aiweke kabla hajaondoka asikilize sauti, hiyo haina neno. Dharura asimame pembeni.

Nafanya kazi chumba cha majeruhi. Shirika la Afya Duniani wanasema watu wa miaka 5 mpaka 29 kinachowaua kuliko kitu chochote ni ajali za barabarani, mi sihitaji kuambiwa naona kwa macho. Wakiletwa, vitu vyao tunaviweka kwenye mfuko wa nailoni tunaandika jina tunaweka chini ya kitanda. Kuna usiku mmoja kijana mdogo tu wa makamo ya huyo wa dada yupo kitandani tunahangaika naye, na ule mfuko pale chini unawaka unazima, unawaka unazima. Nilipoinama kuusogeza nikaona kioo cha simu, imepasuka lakini inafanya kazi, meseji zimepangana zote zinauliza umefika wapi. Yule alipona, anatembea. Lakini ile taa ya chini ya kitanda sijaisahau.

Dogo_19

Shikamooni wakubwa wote. Mama Wawili pole sana na mpe pole bro.

Naomba niseme kwa niaba ya sisi vijana maana huwa tunahukumiwa wote kwamba tunachati na mademu tukiendesha. Wapo ndio. Grupu la darasa likianza kuwaka meseji 60 kwa dakika tano unahisi kama kila mtu yupo sehemu we umebaki nje, simu ikitetemeka mwili unashtuka kabla hujafikiria, mi nimejizuia mara nyingi na mara nyingine nimeshindwa sitadanganya. Nilipoona nashindwa nikaweka ile sehemu ya kuendesha kwenye simu, ukianza kutembea inajua yenyewe inazuia meseji na anayekutafuta anajibiwa kwamba unaendesha. iPhone wanayo tangu 2017 na hizi nyingine nyingi zinayo, ukitafuta kwenye setingi utaiona. Imenisaidia sana kwasababu yule mtu ameshajibiwa, sina deni.

Ila mama kuna kitu nataka kusema na naomba usinielewe vibaya nakuheshimu kama mzazi wangu. Rafiki akinitumia meseji naweza kuiacha hata lisaa. Meseji ambayo siwezi kuiacha ni ya mama. Nisipojibu ndani ya dakika mbili anapiga, nisipopokea anapiga kwa dada, nikifika nyumbani ni kesi. Kwaiyo nikiona jina lake kwenye kioo macho yanashuka yenyewe. Na siku nikigonga mtu akaniuliza ulikuwa unaangalia nini kwakweli hata mimi ningesema hakuna kitu.

Mama hebu angalia simu YAKO ya Jumamosi ile.

Mama_Wawili

Nimerudi. Nilisoma ujumbe wa huyu mwanangu Dogo juzi saa 5 usiku nikiwa kitandani nikaweka simu chini, nikaichukua, nikaweka tena. Niliogopa kufungua.

13:52 nimeandika "Mmefika wapi". 13:53 nimeandika "Nijibu basi". 13:56 kuna simu imeingia kutoka kwake, ndo ile ya kuniambia mama nimegonga.

Nilikuwa jikoni. Nakumbuka kabisa nimeshika simu kwa mkono mmoja mwingine una unga, wala hakikuwa kitu cha haraka, chakula kilikuwa kinapoa nilitaka tu kujua. Na mimi ndiye niliyemtuma akaendeshe, nilijua yuko kwenye usukani saa ileile naandika.

Asubuhi nikaenda chumbani kwake nikamwonyesha. Akaniangalia akasema "mama ningeweza kutoangalia". Hapo nililia. Siku zote zile nimemnunia, nimemuita mzembe mbele ya mdogo wake, na yeye kabeba tu ili mimi nisijisikie vibaya. Nimemuomba msamaha na nikamwita mdogo wake nikaomba msamaha mbele yake pia kwasababu nilimsema mbele yake.

Sasa tumekubaliana hivi. Simu inakaa kwenye begi siti ya nyuma kama mwalimu alivyosema, na ile ya kujibu yenyewe kaiweka, tumeijaribu. Akiondoka ananitumia "natoka" akiwa amesimama, akifika anatuma "nimefika" gari likiwa limezimwa, hapo katikati mimi simtafuti na nimemwambia baba yake na mashangazi vilevile. Wakiwa na mdogo wake na kuna lazima, mdogo ndo atajibu. Marafiki hapana kwanza. Na mimi nikiendesha sheria ni hiyohiyo, kwasababu binti yangu aliniuliza "na wewe mama ukiwa unaongea na shangazi?" na nilikuwa sina jibu.

Jana jioni tumetoka naye mara ya kwanza nikamwambia aseme anachokiona. Mwanzo alikuwa anaona aibu anasema "gari… gari… taa nyekundu". Baada ya robo saa akaanza kufunguka. Tukawa tunapita mtaa fulani una magari yamepaki pande zote akasema "miguu chini ya lile gari" huku anapunguza mwendo, mi sikuona miguu yoyote nikadhani ananitania, mara mtoto akatokea mbele ya gari lililopaki. Tulikuwa tumeshakaribia kusimama.

Asanteni sana wote, dada nesi ule mfuko wako nimemsimulia. Mwalimu swali moja, usiku na mvua nianze naye lini? Au nisubiri kwanza amalize hayo masaa mia ya mchana?

Mwalimu_Klachi

Dada hiyo ya miguu chini ya gari, wengine nawafundisha miezi hawaioni. Mkono mzuri anao na macho anayo.

Usisubiri, mvua ukiiona inanyesha na wewe una nafasi itumie, muanze mitaani mwendo mdogo ajue breki inavyokuwa barabara ikiwa imelowa na aache nafasi mara mbili ya kawaida kwa gari la mbele. Usiku anza naye baada ya masaa kama 20 hivi ya mchana, saa 1 jioni giza linapoingia, njia anayoijua, nusu saa tu mnarudi maana macho yanachoka mapema na taa za wanaokuja zinamsumbua dereva mgeni, mwambie asizitazame afuate mstari wa upande wake. Wewe ukiwa pembeni simu yako nayo nyuma.

Na nunua daftari dogo uweke kwenye dashibodi, andika tarehe na masaa kila mkirudi. Mtashangaa mna machache kiasi gani.

Mama_Wawili

Daftari nimetoa moja la shule la binti, yeye ndo kajiteua karani. Ukurasa wa kwanza kaandika saa 1 na dakika 10, afu pembeni kachora miguu miwili chini ya gari.